Nilimpa kaka yangu auti, sasa hanisemeshi

Mjomba, shikamoo.

Mimi hucheza kriketi ya wikendi, daraja la chini kabisa, ile ambayo wachezaji ndio hao hao wanaochora mistari na kupigilia vigingi. Msimu huu goti limeniweka nje. Katika ligi yetu hakuna waamuzi wa kulipwa: timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi wawili, wachezaji wake wanaosubiri zamu au waliokwisha tolewa. Kwa kuwa mimi sina zamu ya kusubiri, kazi imeniangukia kila Jumamosi. Nimejinunulia kofia ya pama, nina mawe sita mfukoni ya kuhesabia mipira, na hadi majuzi nilikuwa naona raha.

Balaa lilianzia kwa kaka yangu. Yeye ndiye nahodha na ndiye anayefungua upigaji. Siku hiyo alikuwa na mikimbio 46 na hakuonekana mtu wa kutoka leo wala kesho. Mrushaji wao, wa mkono wa kulia, akaleta mpira uliodunda nje kidogo ya ofu, upande anaouelekea mpigaji kwa kifua, ukakata kuingia ndani. Kaka akanyoosha mguu wa mbele, gongo likashuka sambamba na pedi, nikasikia tak-tak, milio miwili imefuatana kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Wote wakanigeukia kudai kaka atolewe: "Hauzaati!" Mjomba, kidole kilikuwa juu, ishara ya auti, kabla sijamaliza kuwaza. Kusema kweli sikutaka waseme nambeba kaka.

Hakuondoka. Aligeuza gongo, akanionyesha ukingo wake, akanitazama. Akasema neno moja tu, "Wewe?" Halafu akaenda zake. Nilichanganyikiwa hata nikasahau kuhamisha jiwe kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, ova ile, ambayo ni ya mipira sita, ikaenda mipira saba. Mwandika alama wetu alicheka peke yake.

Tulishindwa kwa mikimbio 9. Tunaishi nyumba moja. Jioni ile alililaza gongo mezani, alama nyekundu ya ukingoni ikiwa juu, akaliacha pale ili nilione. Leo ni siku ya 13 hajanisemesha. Akiwa na haja anapitia kwa mama: "Mwambie huyo azime taa."

Jumamosi iliyofuata niliingia uwanjani nimejiapiza: leo sitoi LBW hata moja, yaani simtoi mpigaji kwa kuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vigingi. Na kweli sikutoa. Walidai mara tano. Nne zilikuwa za kubishaniwa. Ya tano ilikuwa mpira wa vidoleni, uliompiga mpigaji wetu kwenye kiatu mbele kabisa ya kigingi cha kati. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea nje alipoona natikisa kichwa, akarudi. Tulishinda. Wenzangu walinipigapiga mgongoni kana kwamba mikimbio nimeipiga mimi. Mrushaji, kijana wa miaka kama 17, alikuja kuchukua kofia yake mwisho wa ova, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwamuzi, hata ule?" Nikajifanya nahesabu mawe.

Nusu fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo na jina langu limeshaandikwa. Naomba unisaidie. Nimwombe kaka radhi? Niache uamuzi kabisa? Na sisi tusio na marudio ya televisheni, mtu anajuaje LBW?

Ni mimi,
Kidole Kizito

Marahaba, mpwa wangu.

Sentensi iliyonishika katika barua yako umeiandika kama unapita tu njia: "Sikutaka waseme nambeba kaka." Mpira ule ulipofika pedini, wewe hukuwa nao. Ulikuwa unazitazama nyuso za waliokuzunguka na kuwaza watasema nini. Wiki iliyofuata ukatazama nyuso nyingine, za wenzako, ukawaza hao nao watasema nini. Unadhani umefanya makosa mawili yanayopingana, moja la ukali na moja la huruma. Mimi naona ni kosa lile lile, umelirudia ukiwa umegeukia upande wa pili.

Sasa tuuchukue mpira wa kaka yako tuupime wenyewe, tumsahau kaka kwa dakika mbili.

Umesikia milio miwili. Milio miwili inaweza kuwa mambo matatu. Mpira umegusa gongo kisha pedi: hapo hakuna LBW. Mpira umegusa pedi kwanza kisha gongo: LBW bado ipo, maana Sheria ya 36 ya kriketi inauliza kilichoguswa mwanzo. Au gongo limejigonga kwenye pedi wakati linashuka, na mpira haukuligusa kabisa. Hili la tatu ndilo linalotuumbua waamuzi wengi, kwa sababu sikio linasikia tak likadhani ni ukingo. Na iwapo mpira umegusa gongo na pedi kwa pamoja, sheria inataka tuhesabu kwamba gongo ndilo lililotangulia, kwa hiyo mpigaji anabaki. Swali la kujiuliza lilikuwa: kipi kilitangulia? Kwa jinsi ulivyoandika, hukujiuliza. Kidole kilishafika juu.

Kuna jambo la pili ambalo naona halikukusumbua. Umesema alinyoosha mguu wa mbele. Mstari wa krizi uko mita 1.22 mbele ya vigingi, na mtu aliyenyoosha mguu vizuri anakutana na mpira mbele zaidi ya hapo. Kwa hiyo mpira wako ulikuwa umebakiwa na kama mita mbili, pengine zaidi, kabla ya kufika kwenye wiketi, yaani vile vigingi vitatu, yenye upana wa sentimita 22.86, yaani kama shubiri ya mtu mzima. Na ulikuwa unakata kwenda ndani. Mpira unaokata ukiachiwa mita mbili huweza kuipita shubiri hiyo upande wa legi, yaani upande wa mgongo wa mpigaji, bila kuigusa. Sisemi uliipita. Nasema hilo nalo lilihitaji kuulizwa.

Mimi ningesema siyo auti. Sijui kama aligusa. Wewe pia hujui, na kutojua huko kulitosha kabisa kumwacha aendelee. Desturi ya waamuzi ni ya zamani: shaka anapewa mpigaji.

Ile alama nyekundu mezani usiiogope hata kidogo. Kila gongo lililowahi kucheza mpira mwekundu lina alama ukingoni, na nyingine ni za mazoezi ya Jumanne. Nimeonyeshwa kingo za magongo zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi kuona moja iliyoandikwa tarehe.

Umeuliza mtu anajuaje LBW bila televisheni. Anajua kwa kuuliza maswali kwa mpangilio ule ule kila mara, hata kama jibu linaonekana wazi. Mimi huanza na mguu wa mrushaji: je, ni nobo, yaani mpira batili? Kisha, mpira ulidunda wapi? Ukidunda nje ya kigingi cha legi, yaishe hapo hapo, hata kama ungeng'oa vigingi vyote vitatu. Kisha gongo, kama tulivyosema. Kisha ulimpiga wapi: katikati ya wiketi na wiketi, au nje ya ofu? Nje ya ofu hahesabiwi auti ila kama hakujaribu kwa dhati kuucheza mpira. La mwisho, na ndilo gumu, ungegonga vigingi? Hapo unatazama urefu. Kigingi kina sentimita 71.1 tu, na mpira uliompiga mtu juu ya goti akiwa ametoka mbele mara nyingi unapita juu. Kumbuka pia kwamba mrushaji wa mkono wa kulia anayetupia akiwa upande wa kushoto wa vigingi vyako anatoka pembeni, na mpira wake usiopinda unaendelea kuelekea legi hata baada ya kudunda. Mipira mingi inayoonekana "imenyooka kabisa" ukiwa umesimama nyuma yake, haijanyooka.

Simama mahali unapoweza kuona mguu wa mrushaji ukitua na kisha mpigaji, kwa kuinua macho tu bila kuinua kichwa. Ukijikuta kichwa kinapanda na kushuka kama cha mjusi, rudi nyuma hatua moja.

Halafu chelewa. Steve Bucknor wa Jamaica, aliyesimamia fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia kuanzia 1992 hadi 2007, alikuwa akikaa kimya muda mrefu baada ya dai, anatazama, anatikisa kichwa taratibu, mpaka wakambandika jina la kifo cha polepole. Wapigaji waliteseka kwa kusubiri, lakini yeye alikuwa anautazama mpira ule mara ya pili kichwani. Wewe huna haja ya kuchelewa kama yeye. Vuta pumzi, itoe, ndipo uamue. Hakuna kifungu kinachokutaka ujibu kelele zikiwa bado hewani. Na kama ungenyanyua kidole kisha ukagundua papo hapo kwamba umekosea, sheria inakuruhusu kubadili uamuzi, mradi ufanye hivyo bila kukawia. Watu watacheka. Waache.

Sasa yule kijana.

Nimeusoma mpira wa vidoleni na nimejiuliza kwa nini umeuandika ukimaliza na kaka, kana kwamba ni mdogo. Kwenye mpira wa kaka kulikuwa na shaka ya kweli. Kwenye huu hakukuwa nayo: umempiga kiatuni, mbele ya kigingi cha kati, mpigaji mwenyewe ameanza kuondoka. Ulijua. Mwamuzi anayekosea macho nitakaa naye mchana kutwa tukijadili pembe na urefu. Aliyeingia uwanjani ameshajibu maswali matano ambayo hayajaulizwa sina la kujadili naye. Hata wale waliokupigapiga mgongoni, jiulize kama mmoja wao angependa umsimamie wewe siku atakaporusha mpira kama ule mbele ya mwamuzi wa timu nyingine.

Kwa hiyo radhi ya kwanza ni ya kijana. Mtafute kabla ya nusu fainali, kwenye mazoezi yao au popote wanapokutana, umwambie: "Ule mpira wa mwisho ulikuwa auti. Nilikosea." Usimweleze habari za kaka, wala goti, wala kwamba siku ile hukuwa sawa. Akikuuliza kwa nini, mwambie uliogopa. Vijana wa umri huo wanaacha mchezo kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kwa kaka yako mambo ni tofauti kidogo. Yeye naye ana lake. Kubaki krizi na kumwonyesha mwamuzi ukingo wa gongo ni kupinga uamuzi, na Sheria ya 42 inaliweka hilo kwenye daraja la kwanza la utovu wa nidhamu: nahodha anaitwa na timu yake inapewa onyo la kwanza na la mwisho, na likirudiwa, wapinzani wanapata mikimbio 5. Kasoro ni kwamba nahodha wa kuitwa alikuwa yeye mwenyewe. Nakiri ningeliacha lipite. Neno moja, "Wewe?", kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, si la kufungulia kitabu cha sheria.

Mwendee akiwa peke yake, mama asiwepo. Umwambie kwamba uliharakisha, kwamba ulisikia milio miwili ukanyanyua kidole bila kujiuliza upi ulitangulia. Hilo ni kweli na unaweza kulisimamia. Usimwambie kwamba aligusa, kwa sababu hujui, na ukisema hivyo ili akusemeshe utakuwa umetoa uamuzi wa tatu wa kutazama uso wa mtu. Kumar Dharmasena wa Sri Lanka alisimamia fainali ya Kombe la Dunia 2019, akawapa Uingereza mikimbio 6 pale ambapo kwa sheria ilipaswa kuwa 5, mpira ulipoligonga gongo la Ben Stokes na kwenda mpakani. Baadaye, alipoona marudio ya televisheni, alikiri kwamba alikosea. Hakumwangukia mtu miguuni. Sema lako, kisha uondoke chumbani. Asipojibu, asijibu. Taa uzime bila kusubiri kuambiwa.

Swali la kuacha. Hapana, usiache, isipokuwa kama huipendi kazi, na mtu aliyejinunulia kofia ya pama anaipenda. Kwamba moyo ulikuwa unadunda haikuzuii. Juni 1996, kwenye uwanja wa Lord's, Dickie Bird wa Uingereza aliingia kusimamia mechi yake ya mwisho ya Test, ile kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa. Wachezaji wa Uingereza na India walijipanga mistari miwili kumpa heshima, akapita katikati yao akifuta machozi. Katika ova ya kwanza kabisa, Javagal Srinath wa India alimpiga pedini Mike Atherton, nahodha wa Uingereza, nchi ya Bird mwenyewe. Dai likapigwa. Bird, macho yakiwa bado mekundu, alinyanyua kidole. Atherton alitoka. Machozi na kidole vilikuwa na kazi zao tofauti.

Lakini nusu fainali usisimame kaka yako akiwa anapiga. Hili nalisema bila kuzunguka. Sidhani utamwonea wala kumpendelea. Ila hutapata nafasi ya kuutazama mpira, utakuwa unajitazama mwenyewe. Wakubwa nao walichelewa kulielewa jambo hili. Kwa miongo mingi mechi za Test zilisimamiwa na waamuzi wa nchi mwenyeji, na kila upande uliopoteza ulirudi kwao na hadithi. Mwaka 1986 Pakistan, wakiwa nyumbani Lahore dhidi ya West Indies, waliamua kuwaleta waamuzi wawili kutoka India. Kuanzia 1994 ikawa lazima mmoja atoke nchi isiyocheza, na mwaka 2002 wakawa wote wawili. Hao walikuwa watu wazoefu wanaolipwa, sembuse wewe na ndugu yako wa nyumba moja.

Piga simu kwa wanaoendesha ligi wiki hii, usingoje asubuhi ya mechi. Pendekeza timu zilizokwisha kutolewa ziwatoe waamuzi wa nusu fainali zote mbili; kwa kawaida wapo watu wawili watatu wanaopenda kuja kutazama hata hivyo. Wakikataa, waeleze manahodha wote wawili kabla ya kurusha sarafu kwamba mpigaji wa kwanza ni kaka yako na kwamba utaingia akishatoka. Usikubali ushauri wa kwamba ujifiche skwea legi, pale pembeni anaposimama mwamuzi wa pili. Ova zinabadilishana pande, kwa hiyo ova inayofuata utakuwa nyuma ya mrushaji, na hata ukiwa skwea legi madai ya ranauti (kutolewa ukikimbia) na stampu (kutolewa na mlinda wiketi ukiwa nje ya krizi) ya upande ule ni yako. Mpigaji aliyetolewa kwa stampu kwa unene wa mstari anakasirika sawasawa na wa LBW.

Ile ova ya mipira saba isikuumize kichwa. Mwamuzi akikosea hesabu, ova inabaki kama alivyoihesabu. Ila hamisha jiwe mpira unapokufa, yaani mchezo wa mpira huo unapoisha, kabla hujafanya kingine chochote, hata kabla ya kumwonyesha mwandika alama ishara. Mimi jiwe la sita nimechagua lenye ncha, ili kidole kilijue bila kutazama.

Niandikie baada ya nusu fainali uniambie kama ligi walikubali kubadilisha waamuzi na kijana alikujibu nini. Nani alishinda, hilo nitalisikia kwa wengine.

Mjomba wako